Nukta ya Mama Chokaa

"Dada, hivi hiyo timu ni mjomba wako au umeolewa nayo?"

Swali hilo Mama Chokaa aliulizwa na jirani yake muuza mkaa, aliyemkuta uani anafua sketi moja kwa hasira mpaka povu linamrukia usoni. Jana yake timu ya mji ilikuwa imefungwa mabao manne, na mheshimiwa mbunge akasimama baada ya mechi kuwaambia watu kwamba wachezaji hawana moyo.

"Sijaolewa nayo," alijibu. "Lakini mchezaji akikosa bao anashika kichwa, kila mtu anamwona. Huyu bwana akikosa anashika kipaza sauti. Barabara ya kuja uwanjani ameiahidi mara tatu, na mara zote tatu nilikuwepo, nimekaa palepale kwenye kibendera cha kona. Leo anawaambia wenzake hawana moyo! Yeye wake ameuweka wapi?"

"Basi iache hiyo sketi, haijakukosea," jirani alisema, akacheka, akaenda zake.

Mpira ulimkuta Mama Chokaa ukubwani. Mumewe ndiye aliyekuwa mchora mistari wa uwanja wa mji. Alipofariki, ndoo, kopo lenye matundu na kamba ya katani vilibaki nyuma ya mlango wa jikoni. Mwezi haujaisha, kocha wa wakati ule akaja kuviulizia. Mjane akamwambia vifaa havitoki bila yeye. Kocha alidhani ni uchungu wa msiba, utapita. Haukupita. Miaka kumi na tisa mama huyu alichora uwanja ule kabla ya kila mechi, na hakuwahi kumwaga chokaa kabla ya kumtaja Mungu.

Kamba ile mumewe aliifunga mafundo kwa mkono wake. Fundo lenye kitambaa chekundu lilikuwa la mita kumi na moja: unaweka ncha katikati ya goli, unavuta kamba mpaka kwenye chekundu, hapo ndipo nukta ya penalti inapokaa. Mwenzake hayupo wa kushika ncha, kwa hiyo yeye aliifunga kwenye kigingi. Nukta haikuwahi kuhama hata upana wa kidole.

Sasa ikaja mechi ya mwisho ya msimu. Timu isiposhinda inashuka daraja, na mheshimiwa ndiye mgeni rasmi, atakayefungua mechi kwa kupiga penalti. Mwaka uliotangulia alipiga, mpira ukasotasota ukalala njiani, golikipa akabaki anautazama kama mtu anayesubiri mgeni aliyechelewa. Picha zake zilizunguka kwenye simu za watu mwaka mzima.

Asubuhi ya mechi, katibu wa timu, kijana mwenye shati lililopigwa pasi na simu mbili mkononi, alimfuata Mama Chokaa golini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, ile nukta tuisogeze kidogo. Hatua mbili tu. Mwaka jana mheshimiwa aliumia moyo."

"Aliumia moyo au mguu?"

"Mama, utani tuweke pembeni. Akiaibika tena leo, mimi ndiye nitakayeulizwa."

"Goli halijasogea, golikipa hajasogea, nukta isogee kwa heshima ya mguu wa nani? Haisogei."

Katibu akatabasamu, akainua mikono. "Haya mama, umeshinda. Basi nenda ukapake chokaa yale mawe ya getini, msafara unapita pale."

Naye akaenda. Akachukua ndoo na brashi, kopo akaliacha kando ya goli, kosa ambalo baadaye alijisonya kwa ajili yake kila alipolikumbuka. Mawe yalikuwa mengi. Alipomaliza, uwanja ulikuwa umejaa na walinzi wa mheshimiwa hawakumruhusu kukaribia goli lile. Akaenda kukaa kwenye kona yake, upande wa pili kabisa.

Mheshimiwa akapiga. Golikipa akaruka kushoto, mpira ukaingia kulia, taratibu, kama unaomba njia. Vigelegele. Kisha hotuba, ndefu, wachezaji wamesimama juani mpaka golikipa akaukalia mpira. Mama Chokaa kule konani anatafuna mdomo kwa ndani. "Vijana miguu inakufa ganzi, yeye anahesabu ahadi," alimwambia mtu aliyekaa kando yake. "Halafu wakifungwa, hawana moyo."

Mechi ikaanza. Mpaka dakika ya themanini na nane hakuna bao. Ndipo mshambuliaji wetu akaangushwa ndani ya kumi na nane, golini kulekule, refa akaonyesha nukta. Kijana akaweka mpira, akapiga, wavu ukatikisika. Mama Chokaa aliruka na umri wake wote, akamkumbatia mtu asiyemjua.

Filimbi ya mwisho ilipolia, nahodha wa wageni hakushika kichwa. Alisimama kwenye mstari wa goli, akaanza kutembea kuelekea kwenye nukta akihesabu hatua kwa sauti. Akamwita kamisaa wa mchezo. Kamisaa akaleta futi ya kamba, akapima mara mbili. Mita tisa.

Siku nne baadaye barua ilikuja. Bao limefutwa, ushindi wamepewa wageni, timu imeshuka daraja.

Jioni hiyo Mama Chokaa alikuwa anachambua maharage, redio ya mji iko wazi dirishani. Akaisikia sauti ya katibu: "Wananchi, tumeangushwa na uzembe wa mchora mistari. Ni mama mtu mzima, hesabu zimemshinda."

Punje ya maharage ilimponyoka mkononi. Muuza mkaa akaja mbio, kanga inaburuzika. "Dada, umesikia?"

"Nimesikia."

Kesho yake bombani alipoinama kutega ndoo, mmoja akasema nyuma yake, "Mama Mita Tisa huyo," na wengine wakacheka kwa pua. Miaka kumi na tisa, na jina limebadilika kwa siku moja. Alibeba ndoo mpaka nyumbani, akaitua, ndipo akagundua kwamba amekuja nayo tupu.

Wiki ile hakulala vizuri kwa hasira, na mtu wa sala kama yeye hasira ilimtia aibu pia. Aliomba imtoke. Haikumtoka. Mwishowe akaomba tu imwongoze vizuri.

Kamati ya timu ikaitisha mkutano uwanjani, mheshimiwa naye akaja, ati kuzika tofauti. Watu walikuwa wengi. Mama Chokaa akafika na kamba begani na jembe mkononi, akapita katikati yao mpaka golini.

"Mheshimiwa, nishikie ncha hii hapa katikati."

Mheshimiwa akaona simu za watu zinapiga picha, akacheka, akachuchumaa na viatu vyake vinavyong'aa. Mama akavuta kamba mpaka kwenye kitambaa chekundu. Akainua jembe. Udongo wa juu ukatoka, na chini yake ikaonekana chokaa, nyeupe, ngumu kama mfupa, imeshindiliwa miaka kumi na tisa. Akaenda kwenye ile nukta nyingine, ya mita tisa, akachimba tena. Udongo mtupu. Chokaa ya juu ilikuwa nyembamba kama poda usoni.

"Hii ina siku ngapi?" aliuliza. "Na nani aliipaka, mimi niko getini napaka mawe?"

Golikipa akasema, "Katibu. Nilikuwa napasha misuli, nikamwona anafukia ya zamani. Na mimi akaniambia niruke kushoto."

Watu wakaangua kicheko. Mheshimiwa akanyanyuka, akajipangusa magoti. "Mama, sote ni binadamu. Yaliyopita tuyaache. Leo hii, mbele ya wananchi, nakuteua kuwa mlezi wa uwanja huu!"

Makofi. Na aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote alikuwa katibu.

Hapo ndipo damu ilipomchemka kweli. Mungu ni shahidi, mama yule hakuwahi kumtukana mtu, na siku hiyo pia hakutukana. Alianza kuikunja kamba kwenye kiwiko, mzunguko baada ya mzunguko, bila haraka, mpaka makofi yakapungua yenyewe na kila mtu anamtazama. Alipofika kwenye kitambaa chekundu, akamgeukia katibu.

"Sitaki kuteuliwa. Naomba kesho uende kwenye redio ileile, saa ileile, useme kwa mdomo wako kwamba nukta uliisogeza wewe, na kwamba hesabu zangu zilikuwa sawa."