Askari Mia Tisa wa Mzee Mufarrih

Ghaliya binti Mufarrih alikuwa mtu wa maabara, na watu wa maabara huogopa vitu ambavyo sisi wengine hatuvioni. Miaka kumi na minne alihesabu damu za watu katika hospitali moja ya pwani mjini Jizan, akapeleka majibu kwa madaktari bila kuzijua sura za wenyewe, kisha akarudi nyumbani akala akalala. Siku mashine ilipotoa karatasi yenye jina la baba yake, hakula wala hakulala.

Mshipa mkubwa wa moyo wa Mzee Mufarrih, mkamua mafuta ya simsim, ulikuwa umeziba, ukabaki upenyo mwembamba kama tundu la sindano. Ilibidi apasuliwe wiki hiyohiyo. Lakini karatasi ilisema chembe nyeupe za kupigana na vijidudu, ambazo pale maabara wanaziita askari, zilikuwa mia tisa tu. Kitabu cha mashine kilitaka zisipungue elfu moja na mia tano.

"Siwezi," alisema Daktari Shahir, mpasuaji. "Nikifungua kifua cha mtu asiye na askari, kijidudu kimoja kitammaliza. Aende kwanza Riyadh wakampime uboho. Miezi miwili hivi."

"Moyo wake una hiyo miezi miwili, daktari?"

Daktari akaanza kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake. Ghaliya akajua jibu.

Usiniulize alipata wapi akili ya kufikiri kwa hofu ile. Alikumbuka kwamba karatasi za namna hiyo alizipiga muhuri mwekundu wa "chini" kila wiki, nyingi za watu wa pwani hii hii, wazima, wanaobeba magunia. Wengine walipewa vidonge wasivyovihitaji. Hakuna aliyejiuliza kitabu kile kiliandikwa kwa damu za nani! Alikumbuka pia somo la zamani la chuoni. Chembe nyekundu za watu wengi duniani zina kipokezi kimoja cha ajabu, kama kikono juu ya ngozi yake: hudaka ujumbe wa kuwaita askari, halafu hukaa nao kimya. Wapwani wengi hawana kipokezi hicho. Kukikosa kuliwakinga babu zao na aina moja ya malaria. Na asiyekuwa nacho, askari wake hawazururi kwenye damu, wamejibanza ndani ya nyama wakingoja kuitwa. Aliipima damu ya baba yake, nayo haikuwa nacho. Huenda basi alikuwa mzima wa damu. Hilo "huenda" lilimtafuna usiku na mchana.

Ijumaa, kama desturi, ndugu sita wa Mzee Mufarrih walikuja kula kwake. Samaki alikuwa ametoka tanurini, mkate umelowa mafuta ya simsim. Ghaliya akasimama mlangoni na sanduku la sindano.

"Leo hamli mpaka niwatoe damu."

"Tumekuja kula, kumbe sisi ndio tunaliwa!" akasema Amu Jabran. "Mufarrih, binti yako kawa mbu."

"Mbu haombi ruhusa, amu. Lete mkono."

"Taratibu basi! Mke wangu atadhani nimeoa mwingine, nimekonda hivi."

Wakacheka, wakakunja mikono ya kanzu mmoja baada ya mwingine. Mzee Mufarrih peke yake hakucheka.

"Unatafuta nini kwa ndugu zangu, mwanangu?"

"Natazama kama damu zao ni kama yako. Zikiwa hivyo, utapasuliwa."

"Na ukiwa umekosea?"

Ghaliya alikiacha kizibo cha chupa nusu. "Nitakuwa nimekuua, baba."

Mzee akaitikia kwa kichwa. "Basi kaza hicho kizibo. Damu ya Jabran isimwagike, hana nyingi."

Watano kati ya sita walikuwa chini ya kiwango cha kitabu, na wote watano hawakuwa na kile kipokezi, sawasawa na kaka yao. Wa sita, ambaye mama yake alitoka Damascus, alikuwa nacho, na askari wake walikuwa tele. Daktari Shahir alizisoma zile karatasi mara mbili, akampigia simu bingwa wa damu wa Riyadh, wakazungumza kwa muda mrefu.

"Anasema inaelekea uko sahihi."

"Inaelekea tu?"

"Hakuna aliyenipa hakika, Ghaliya. Baba yako amekubali. Nitampasua Jumatatu."

Ndilo alilokuwa akiliomba, na alipolipata alitamani alirudishe.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya nne, baada ya sala ya alasiri, homa ikampanda mzee na mshono ukawa mwekundu. Muuguzi alileta damu mbio, chupa bado ina joto la mkono wake. Wenzake wa maabara walimwambia Ghaliya akae pembeni, akawasukuma. Hata mashine hakuiamini. Alipaka tone kwenye kioo, akalitia rangi, akainamia darubini.

Chembe nyekundu tupu. Akasogeza kioo. Nyekundu tupu. Alimwona baba yake kwenye sanda, na mkono wake mwenyewe ndio unaoifunga. Akasogeza tena. Askari mmoja. Kisha watatu. Kisha wakajaa wakisongamana, hata akapoteza hesabu akaanza upya.

Simu ikalia. "Ngapi?" aliuliza Daktari Shahir.

"Elfu kumi na tatu."

"Sema tena."

"Elfu kumi na tatu, daktari!"

"Basi kidonda kimeingia uchafu, lakini mwili wake unapigana kama wa mtu yeyote. Naanza dawa sasa hivi. Tutamtoa kwenye hili."

Ghaliya aliweka simu chini. Akaketi sakafuni, akalia kwa sauti kubwa mpaka foleni ya dirishani ikanyamaza. Bibi mmoja aliyekuwa anangoja majibu yake aliingia, akamshika bega, akaanza kumpa pole ya msiba.