Aliipanda Yote Mitatu

Mwanamke mwenye mimba kubwa anawezaje kupanda mikuyu mitatu? Nilijiuliza hivyo nikiwa na bibi uani kwake, kando ya ziwa. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, na sikuwa naamini kitu kwa urahisi.

"Mama aliipanda yote mitatu, mimi nikiwa tumboni," alisema bibi. "Waandikie hivyo."

"Hakuanguka?"

"Matope yaliteleza, lakini hakuanguka. Alipanda, akaenda kupika."

Nilicheka. "Bibi, na tumbo hilo?"

"Cheka, msomi. Ila uandike."

Mikuyu hiyo ilikuwa katika bustani ya zamani ya misheni. Kamati ya kanisa ilitaka kujenga ukumbi pale. Mwenyekiti alisema miti iliyooteshwa na wazee wetu itaachwa, iliyojiotea itakatwa. Bibi hakujua kuandika, akanipa mimi kazi ya barua.

Nyumbani kwetu Mbinga mjini tuliongea Kiswahili. Kinyasa changu kilikuwa cha salamu tu, kwa hiyo bibi alinisimulia kwa Kiswahili chake cha kanisani na sokoni. Mimi nilisikia hadithi ya mjamzito anayekwea miti. Maana ya pili ya kupanda ilikuwa pale pale, lakini ile ya kwanza ilinichekesha mno. Niliandika kwamba yapo masimulizi ya watu kuikwea, ila hakuna ushahidi wa aliyeiotesha.

"Umeandika nilivyokuambia?"

"Nimeandika, bibi."

Sikumsomea.

Msumeno ulifanya kazi kwa siku mbili. Bibi hakwenda kuangalia. Alikaa jikoni akichambua dagaa waliokwisha kuchambuliwa, na kila mti ulipoanguka mikono yake ilisimama kidogo. Hakuniuliza tena kuhusu barua. Angenigombeza, ningejitetea.

Alipofariki, miaka mingi baadaye, mama mkubwa alisimulia habari za mikuyu kwa Kinyasa, nami nikamwomba anitafsirie. Katika Kinyasa, kupanda mti kwa miguu na kuupanda ardhini ni maneno mawili yasiyofanana hata kidogo. Mama yake bibi alichomeka vijiti vitatu vya mkuyu wakati wa mvua, kimoja kwa kila mtoto aliyemzika kabla bibi hajazaliwa.