Vigingi Vilivyopika Chai ya Chifu

Aibu hii ningekufa nayo, lakini Mama Akinyi ameshaisimulia nusu ya mtaa wetu wa Laini Saba, tena kwa chumvi nyingi, kwa hivyo afadhali mnisikie mimi mwenyewe.

Mnapajua pale nyuma ya reli, penye machimbo ya mawe ya zamani? Miaka ile ya sabini wachimbaji walikuwa wameshaenda na mawe yao, wakatuachia mteremko mtupu, mvua ikinyesha tope lote linaingia nyumba za chini. Chama chetu cha akina mama kikamwomba chifu tupande mboga pale. Akasema atakuja kuona, udongo ukishika ni petu, usiposhika anampa muuza mkaa.

Kazi nikapewa mimi (nimetoka Machakos, kwetu mtoto hujua kuchimba matuta kabla hajajua kujipangusa kamasi). Tukachimba, tukaleta mapande ya nyasi na udongo wake, tukayatandaza kwenye kingo za matuta mteremko wote, yazuie udongo wa mboga. Ikabaki kuyapigilia vigingi tu, yasiteleze kabla ya kushika mizizi. Sasa asubuhi ya siku yenyewe kuni zote zimelowa, chifu yuko njiani, na mgeni kama huyo utamkalishaje bila chai? Nikavitazama vile vigingi, vikavu, vimechongwa vizuri.

"Mama Mwende, hivyo si vya nyasi?" Mama Akinyi akaniuliza.

"Wacha woga wewe. Kwani nyasi zitaenda wapi?"

Chai ikaiva. Chifu akaja, akanywa, akasifu. Mimi na kiherehere changu nikapanda mpaka juu nimwonyeshe vile udongo umeshika, nikaanza kurukaruka nikiimba (na mnaujua mwili wangu), manyunyu nayo yakaanza, mara nikasikia ardhi inaondoka na mimi. Nikashuka nimekalia pande la nyasi kama bibi arusi kwenye gari, nikampita mwenyekiti wetu, nikampita mgawa mandazi, nikasimama miguuni pa chifu, kikombe chake kimejaa tope.

Akanitazama. "Sasa mama, udongo umeshika wapi?"

Nililia, kusema kweli, maana niliona nimewanyang'anya wenzangu shamba. Nadhani machozi ndiyo yaliyomlainisha. Akasema tupigilie upya, na kila mvua ikinyesha nisimame pale chini mimi mwenyewe nikilinda, mpaka nyasi zishike. Msimu mzima nilisimama na mwavuli, watu wakienda kazini wananipungia mkono, "Mama Mwende, leo hushuki?"

Sukuma wiki tulikula, tena nyingi. Lakini mpaka leo, wageni wakija kutuona, wenzangu hunituma sokoni, na mimi huchukua kikapu nikaenda bila kuuliza.