Zulia la Majani Uani kwa Tajiri

Mama yangu alifagia ua wa nyumba moja mjini Shinyanga kwa miaka kumi na miwili. Ulikuwa ua wa udongo mtupu, na kwetu Usukumani ndivyo ua unavyotakiwa kuwa. Majani karibu na mlango ni maficho ya nyoka, na ua usio na alama za fagio asubuhi ni aibu. Mama alifika alfajiri, akanyunyiza maji kutuliza vumbi, kisha akainama na fagio la vijiti alilolifunga kwa mikono yake. Mwenye nyumba alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi aliyewauzia wachimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu pampu na makarai. Sisi tulimwita tajiri. Tangu baba afariki, kazi ile ndiyo iliyotulisha na kumweka mdogo wangu wa kike shuleni.

Katikati ya miaka ya tisini biashara ya machimboni ilimnyookea tajiri, akarudi kutoka Dubai na zulia la majani ya plastiki. Mama yake mzazi, mzee wa miguu mibovu, alikuwa akililia mahali laini na pa kijani pa kutembea peku, na kiangazi cha Shinyanga hata mbuzi hawapati kijani. Likatandikwa ua mzima, ukuta hadi ukuta. Majirani walicheka wakasema sasa bado ng'ombe wa plastiki tu.

Mama hakuelekezwa lolote. Kesho yake alinyunyiza maji, akafagia. Akaendelea hivyo kila siku, tena kwa nguvu zaidi, maana takataka zilinasa kwenye yale majani. Baada ya miezi michache vijiti vilikuwa vimekwangua njia kutoka jikoni hadi getini, kipara kitupu. Maji nayo yalizama chini, na udongo wetu mweusi wa mbuga ukilowa huvimba, ukikauka hupasuka. Zulia likafanya matuta, maungio yakaachia. Siku moja yule bibi, mama yake tajiri, alijikwaa. Hakuumia, lakini tajiri alipandwa na hasira, akamwambia mama kwamba zulia lisipotengenezeka, asirudi tena.

Mimi nilikuwa fundi makochi, kibanda changu kikiwa karibu na stesheni. Mama alinifuata pale mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba, chukua sindano zako twende." Njiani ndipo aliponisimulia. "Nilifagia tu," alisema. "Ua si unafagiwa?"

Nina hasira za karibu, sikatai. Nilitembea nikipanga maneno ya kumtolea tajiri: nani aliyemwonyesha mama yangu namna ya kutunza madude ya Dubai? Nilipofika getini nikampa shikamoo yake kama siku zote, maneno yote nikayameza.

Nyasi za plastiki sikuwa nimezishika maishani, ila nilijiambia zulia ni zulia. Nililikunja pembeni, nikachimba ule udongo mweusi kina cha kiganja, nikajaza mchanga wa mtoni usiovimba kwa maji na kuushindilia. Maungio niliyashona kwa sindano ya magunia na uzi wa nailoni, nikayapaka gundi ya viatu kwa chini. Viraka vya kuziba kipara nilivikata kwenye zulia lililokuwa nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo hakuna anayepita. Kiraka cha kwanza kilikaa sawasawa, lakini ukikitazama ni cheusi kuliko wenzake.

"Fundi, hapa umenishonea zulia la jirani?" tajiri aliuliza.

Niliona haya. Majani yale hulala upande mmoja, kama mahameli ya kochi, nami nilikuwa nimekigeuza. Kosa la mtu anayejifunza kazi! Nilikifumua, nikakielekeza upande wa wenzake, kikapotea machoni. Vilivyofuata sikukosea hata kimoja.

Siku ya nne nilimaliza. Bibi alivua kandambili akatembea kutoka ukuta hadi ukuta, akarudi, akacheka peke yake. Kichwa kilinivimba. Nikamgeukia tajiri nikaanza kumpa masharti ya matunzo kama daktari.

"Hapa fagio lisiguse kabisa," nilisema, tena kwa sauti. "Unapitisha mpira wa maji, unachukua brashi laini, unayasimamisha majani kinyume cha yanavyolala. Basi."

"Kila siku?"

"Mara moja kwa wiki inatosha."

"Na wewe waweza kuja?"

Nikasema naweza. Naapa, wakati huo bado nilidhani tunazungumzia zulia.

Tajiri akamtazama mama, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na fagio lake mkononi. "Basi mama apumzike sasa," alisema. "Amefanya kazi sana hapa." Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Hata yeye anaweza kushika brashi, mzee," nilisema haraka.

"Kazi ya mara moja kwa wiki, fundi? Na wewe ndiye unayeijua."

Nilikuwa nimeitwa kuiokoa kazi ya mama, na kwa kinywa changu mwenyewe nilikuwa nimempalia makaa.

Tulipotoka getini nilianza kuomba radhi. Nikasema sitakwenda, nitamwambia atafute mtu mwingine.

"Usimkatalie," mama alisema. "Mdogo wako bado anasoma." Tulitembea kidogo. Kisha akasema, "Nimekitafuta kile kipara, sikukiona kabisa. Wabeja, baba."

Alinishukuru, tena kwa Kisukuma. Afadhali angenizaba kofi.

Jumamosi nilikwenda na brashi. Mke wa tajiri aliniambia nisubiri chai, imeshabandikwa jikoni. Nikaanza kazi, na kabla chai haijachemka nilikuwa nimeimaliza kazi ya mama ya wiki nzima.