Chungu Kimoja cha Ulezi

Wiki iliyopita, sokoni kando ya ziwa, nilimwona muuzaji akipima ulezi kwa kopo. Alilijaza, akaligonga mara mbili chini, ulezi ukashuka, akaongeza. Wateja walimsifu. Mimi, kikongwe niliyesomea mimea hadi chuo kikuu nikiwa tayari mtu mzima, niliondoka bila kununua. Kaa nikusimulie.

Wakati wa Mjerumani, nilipokuwa mtoto, sisi Wakisi hatukuwa na mashamba ya maana. Ufukwe wetu ni mawe na mchanga. Bibi yangu alifinyanga vyungu, na bei ya chungu ilijulikana na kila mtu: nafaka ya kukijaza mpaka mdomoni. Bibi alipenda kusema, "Sisi tunakula udongo, ila kwanza tunaupeleka Ndandalo ukageuke ugali." Kiangazi tulipanda mtumbwi hadi Itungi, kisha tukatembea katikati ya migomba ya bondeni hadi Ndandalo kwa wakulima, vyungu vichwani vikiwa vimefungwa kwa majani makavu. Naikumbuka harufu ya njia ile: ndizi zikichemka, zizi la ng'ombe, moshi.

Mwaka wa vita harufu ya ndizi haikuwepo. Askari walikuwa wamepita, wakachukua chakula, na wanaume wa kubeba mizigo. Katika nyumba moja tulimkuta mama aliyekuwa mteja wa bibi miaka mingi. Askari walipokuwa wakitafuta nafaka walimvunjia vyungu vyote. Alikuwa na watoto watatu na hana pa kuchemshia hata majani ya maboga.

Tulibakiwa na chungu kimoja. Mama yule akapanda darini juu ya meko, akashusha kibuyu kilichokuwa cheusi kwa moshi, akaanza kumimina. Ulezi ulipofika mdomoni mwa chungu, kibuyuni kulikuwa bado na kiasi. Akashusha pumzi.

Hapo ndipo akili yangu ya kisomi ilipochomoza mapema. Nilikishika chungu nikakitikisa. Ulezi ukazama vidole vitatu.

"He! Chungu chenu kina njaa kuliko wanangu," akasema mama yule, akijaribu kucheka.

Alitarajia bibi aseme inatosha. Bibi alichota ulezi kidogo, akaunusa. Ulinuka moshi, na bonde zima lilijua kuwa kinachowekwa juu ya moshi ni mbegu. Akanitazama mbavu zangu. Akaurudisha ulezi ule chunguni. Mama yule akamimina mpaka kibuyu kikaisha.

"Ndaga fijo," bibi akashukuru, macho yakiwa chini.

Mvua za kwanza zilipoanza, mama yule alikuja kwetu peke yake, chungu kichwani.

"Mama, sikuja kugombana. Nirudishie viganja viwili tu, nipande."

Tulikuwa tumeula wote. Bibi alikichukua kile chungu, akakijaza usipa wakavu mpaka wakamwagika, akaendelea kuongeza. Mgeni wetu aliokota samaki mmoja aliyeanguka, akamrudisha juu.

"Ndaga, mama. Lakini hawa nitawapanda wapi?"

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Akajitwika akaondoka.

Kiangazi kilichofuata tulikuta nyasi mlangoni mwake. Jirani alisema wamehamia milimani, na hakujua kama walifika. Bibi hakupeleka tena vyungu Ndandalo; alisema miguu inamuuma, nami sikuwahi kumwona akichechemea.

Ulezi ule ulikuwa mwekundu na mfupi, wa kukomaa kabla maji hayajafunika bonde. Mama yule alikuwa ameupata kwa mama mkwe wake. Nimeutafuta tangu nimalize masomo, nyumba kwa nyumba, toka Njisi bondeni hadi juu milimani, na daftari langu lenye jalada zuri. Wazee wenzangu wananihurumia, wananipa ulezi mwingine nisirudi mikono mitupu. Nikiulizwa kama yupo anayeujua kweli, najibu kwamba yupo mmoja. Niliula siku nane, kwa usipa, nikalamba na sahani. Ulikuwa mtamu.