Mahali Aliposimama Idi

Naikumbuka vizuri, mwanangu, ile alasiri baba yangu alipoketi sebuleni kwangu, akasikiliza upande mzima wa santuri, kisha akaomba kofia yake. Nilikuwa bado mke mchanga, naishi Isevya, Tabora, na mume wangu Saidi, Mungu amrehemu, na siku hiyo nilikuwa nimejiandaa kusifiwa. Kahawa nimepika, kashata nimepanga, sauti nimeifungulia mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Baba akavaa kofia yake, akaniangalia kwa upole, akasema, "Mwanangu, umeniita nije kumsikia Idi, au umeniita nije kusikia chombo cha mumeo?"

Idi ni mdogo wangu. Baba alikuwa seremala pale Kanyenye, na msomaji wa kasida aliyejulikana mji mzima. Kwenye maulidi alikaa mstari wa mbele, na mtu akikosea dufu huko nyuma, baba alimjua ni nani bila kugeuza shingo. Idi alimfundisha mwenyewe tangu akiwa mdogo: namna ya kuvuta pumzi kabla ya ubeti, namna ya kumngoja mwenzako amalize ndipo nawe uingie. Alitumaini siku moja Idi angeketi mahali pake. Idi akapanda treni kwenda Dar es Salaam, akaingia bendi ya dansi, akawa mpuliza saksafoni.

Baba hakumlaani. Hakuwa mtu wa namna hiyo. Nyimbo za ile bendi zilipoanza kupigwa redioni alizisikiliza mara chache, akasema, "Sauti zimelundikana tu. Simsikii mwanangu humo." Baada ya hapo akawa hamtaji.

Mambo yangeweza kubaki hivyo miaka mingi, lakini Idi alitaka kuoa. Alikuwa amempata muuguzi mmoja, kwao Ziba, mtoto wa wafugaji. Mimi nilikuwa opereta wa simu, kwa hiyo alipopiga kutoka Dar sauti ya kwanza kuipata ilikuwa yangu. Akaniomba nimsihi baba aende kumposea. Nilipompelekea baba maneno hayo aliweka randa chini, akafikiri, akanijibu: "Nikifika huko, mzee wa watu ataniuliza mwanangu anafanya kazi gani. Nitamwambia nini? Kazi yenyewe siijui. Siwezi kwenda kusimama mbele ya watu kwa jambo nisilolijua."

Aliyasema bila hasira, na hapo ndipo palikuwa pagumu. Mtu mwenye hasira unamngoja zishuke.

Sasa, miaka ile ya Ujamaa vitu vya dukani vilikuwa adimu, wewe umesikia tu habari zake. Lakini Saidi alikuwa fundi wa mitambo, na mlowezi mmoja wa njia ya Sikonge, aliyekuwa akifunga shamba lake la tumbaku arudi kwao, alimwachia gramafoni yake ya sterio kwa kumshukuru, pamoja na amplifaya na spika mbili nzito. Idi naye akatutumia santuri kubwa ya bendi yao, imerekodiwa kwa sterio. Nikajiambia, dawa ndiyo hii. Spika moja tukaipandisha juu ya kabati la vyombo, nyingine tukaisukumia nyuma ya kochi karibu na mlango, maana ndipo palipokuwa na nafasi. Kisha nikamwita baba. Yaliyotokea nimekwisha kukwambia.

Neno lake liliniuma. Lakini kesho yake nikiwa kazini, nimevaa visikizio, nikiunganisha watu wa Tabora na watu wa Kigoma, nikaona baba amesema kweli. Mimi nilitaka spika zisikike. Idi nilimsahau.

Jioni nikamwambia Saidi tuanze upya. Tulitoa kabati sebuleni, tukalipeleka chumbani. Tukaenda kwa fundi mwingine wa mbao, si kwa baba, akatutengenezea vigoda viwili vya mninga, urefu sawasawa, ili spika zikae usawa wa masikio ya mtu aliyeketi. Tukazivuta mbali na ukuta. Nikachukua kamba, nikafunga fundo, nikapima kutoka kiti kimoja hadi spika hii na hadi spika ile, mpaka zote zikawa na umbali ule ule na kiti. Ukuta ulikuwa mtupu, na ukipiga kofi sauti inarudi. Nikatundika blanketi na khanga zangu nzito, sakafuni nikatandika mikeka. Jirani yetu alipokuja kuomba moto alizungusha macho, akazionyesha spika, akaniuliza, "Hawa wageni mbona mmewaacha wamesimama katikati ya nyumba, hamna viti?" Nikacheka naye. Najua sebule ilikuwa haitazamiki.

Na bado haikuwa sawa. Sauti ilikuwa imesafika, ngoma ilikuwa safi, lakini mwimbaji hakuwa na mahali. Ukimtafuta kushoto, hayupo, kulia, hayupo, katikati patupu, kama mtu anayeimba huku anakuzunguka kichwa. Saidi akasema labda santuri yenyewe ndivyo ilivyo. Nikamwambia, "Hebu angalia waya."

"Waya niliunga mwenyewe," akasema.

"Najua. Angalia tu."

Nyuma ya kila spika palikuwa na vishikizo viwili, chekundu na cheusi. Kwenye spika moja, waya mwekundu ulikuwa kwenye kishikizo chekundu. Kwenye nyingine nyaya zilikuwa zimebadilishana. Spika moja ilikuwa inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta, kwa hiyo sauti zilikuwa zinafutana. Saidi alinitazama, akatikisa kichwa, akabadilisha waya. Mwanangu, mimi si mtu wa majivuno, lakini hili nililigundua mimi, na mpaka leo nalifurahia.

Tukarudisha sindano mwanzo. Mwimbaji akasimama. Sijui nikuambieje. Palikuwa na ukuta na blanketi langu la kijani, hakuna spika pale, na mtu alikuwa amesimama pale anaimba. Gitaa lilikuwa upande wa dirisha. Ngoma zilikuwa mbali nyuma, kama vile nyumba imeongezwa chumba upande wa uani. Niliinuka nikaenda kuupapasa ule ukuta. Saidi alinicheka, halafu na yeye akaja akaupapasa.

Kumrudisha baba haikuwa rahisi. Nilikwenda Kanyenye, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikakaa kwenye takataka za randa nikisubiri amalize mguu wa kiti. Nikamwambia, "Baba, safari hii kahawa sipiki, wala sauti siifungulii sana. Wimbo mmoja. Ukisema basi, nazima."

Alikuja Jumapili baada ya sala ya alasiri. Nikamwonyesha kiti kile kile tulichokipima, akaketi, mikono magotini. Nikaweka sindano, nikakaa chini kwenye mkeka nyuma yake ili nisimsumbue kwa kumtazama.

Mwanzo hakutikisika. Kisha nikamwona anageuza kichwa kidogo upande wa dirisha, anakirudisha. Akainua kidole. "Huyu wa gitaa yuko huku," akasema, kama anayejisemea. "Wa ngoma yuko nyuma kabisa. Mwimbaji huyu hapa mbele yangu."

Saksafoni ikaingia. Kidole cha baba kikaenda kulia kwa mwimbaji, kikasimama hapo.

"Amesimama nyuma ya mwenzake," akasema.

"Ndiyo, baba."

Ubeti ukaisha. Mwimbaji akanyamaza, na kabla saksafoni haijajibu kulisikika kitu kidogo sana, ambacho redioni hukisikii hata ukitega sikio. Baba akainama mbele.

"Umemsikia? Amevuta pumzi." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Amevuta pumzi pale pale nilipomfundisha. Na hakumkata mwenziwe. Amemngoja amalize."

Wimbo ulipokwisha nilinyanyuka nizime. Akaniinulia mkono. Tukasikiliza santuri yote, pande zote mbili, na kila Idi alipoingia baba alikuwa anaitikia kwa kichwa, kama alivyokuwa akifanya kwenye maulidi mwanafunzi wake anapopatia. Mwishowe akafuta uso kwa kofia yake, akamgeukia Saidi. "Hivi basi la Ziba linaondoka saa ngapi?"

Walikwenda wote wawili, na yaliyosemwa huko aliniletea Saidi. Mzee wa Ziba, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, aliuliza swali lile lile ambalo baba alikuwa amelihofia. Baba akajibu amekaa wima: "Mwanangu ni mpiga muziki. Anapuliza saksafoni. Nimemsikiliza kwa masikio yangu. Mwenzake anapoimba, yeye husogea nyuma akamngoja, na zamu yake ikifika hatetereki."

Yule mzee akasema, "Mtu wa hivyo anaweza kuishi na mwanamke." Akaagiza maziwa yaletwe.

Nilisimama kwenye harusi ile nikiwa nimevimba kwa furaha. Watu wa Tabora walimsifu Idi, wakamsifu baba kwa kumlea. Mimi hakuna aliyenisifu, na haikunipunguzia kitu. Nilijua ni nani aliyepima kamba.

Juzi, mwanangu, ulisema spika zako ni mbovu na unataka nyingine. Kabla hujazitupa, zishushe juu ya kabati. Zitoe pembeni mwa ukuta, zilinganishe na masikio yako, zipe umbali sawa na mahali unapoketi, angalia waya wake, weka kitu kizito kwenye ukuta mtupu. Kisha punguza sauti. Mara nyingi chombo hakina ubaya, ila hakijaandaliwa mahali. Na watu ni vivyo hivyo. Ukiona mtu wako hasikiki nyumbani, usikimbilie kusema hana la maana, wala usipaze sauti kwa niaba yake kama nilivyofanya mimi mara ya kwanza. Mwandalie mahali. Ondoa vinavyomziba, hata kama ni kabati lako zuri, hata kama majirani watacheka. Halafu kaa nyuma, mwache asikike mwenyewe. Ukifanya kazi hiyo vizuri, jivunie, hata kama hakuna atakayejua kuwa ni wewe.

Mungu akupe masikio ya kuwasikia walio wako wangali hai, akupe nyumba ambayo kila mtu ana pake ndani yake, na siku wazazi wako watakapoulizwa mbele za watu wewe ni nani, wajibu wakiwa wamekaa wima.