Inua Mukono

Mama yangu aliuza vitenge, na mkono wake ndio uliokuwa mita yake. Alishika pindo la kitambaa kwa ncha za vidole, akalivuta mpaka begani, akakata. Hakuna mteja aliyethubutu kumwambia apime tena.

Mlima wetu wa volkano ulipopasuka na moto ukashuka kupitia Munigi hadi katikati ya mji wa Goma, tulikimbilia upande wa Sake na nguo za mwilini tu. Tuliporudi, mtaa wetu haukuwepo. Palikuwa na jiwe jeusi lililokuwa bado linafuka moshi, pana kuliko uwanja wa mpira, na hatukujua tusimame wapi tuseme hapa ndipo palipokuwa mlango. Mama alitembea juu ya jiwe lile, kandambili zikinuka mpira ulioungua, akasimama mahali alipopachagua mwenyewe.

"Njo hapa," akasema, yaani ndipo hapa mlango ulipokuwa.

Kisha akatugeuza, tukaondoka. Nilikuwa mtoto, na nilimwangalia sana usoni, maana nilikuwa nangoja ruhusa ya kulia. Mama akilia, na sisi tungelia. Ruhusa haikutoka.

Tulilala katika darasa la shule pamoja na familia nyingine. Asubuhi moja akaja bwana wa msaada na kipaza sauti. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi wakati ule, kwa hiyo mtu mwenye kipaza sauti alichunguzwa kwanza kwa mbali, watu wajue ni wa namna gani. Huyu alikuwa wa kugawa maharagi, yaani maharagwe. Akatangaza: "Bale bavulnérable bainue mukono!"

Watu wakatazamana. Muzee mmoja aliyelala karibu na ubao akauliza, "Vulnérable ni kabila gani hiyo?"

Tukacheka, na yule bwana naye akacheka. Akaeleza kwamba hilo ni neno la Kifaransa, ni mutu mwenye amepoteza kila kitu, mwenye hana nguvu, mwenye hawezi kujisaidia peke yake.

"Ah! Basi ni siye bote," muzee akasema, akainua mikono miwili ili isije ikasemwa hakusikia.

Darasa zima likainua mikono, ila mama. Nilikuwa na njaa ya kweli, si ile ya kudeka. Nikamvuta kitenge. "Mama, inua mukono."

"Huu mukono ni ya kupimia kitenge," akanijibu. "Haiko ya kuinua."

Jioni mwanamke tuliyelala naye ubavu kwa ubavu alitumegea maharagi yake. Mama alitupatia sisi watoto, yeye akasema ameshiba. Mpaka leo sijui alishiba nini.

Alirudi sokoni, akajenga tena, juu ya jiwe lilelile lililomeza nyumba ya kwanza. Watu walimsifu: ule mama ni chuma. Na mimi nikataka kuwa chuma. Goma ni mji unaopenda sifa hiyo. Ukituuliza mnaishije na volkano kichwani, tutakujibu tumezoea. Ukituuliza kuhusu vita, tumezoea. Mtu amezika ndugu juzi, ukimwamkia "habari?" atakujibu "muzuri," na wewe utaridhika upite. Nilikuwa hodari wa huo umuzuri. Methali inasema mficha uchi hazai, lakini mimi nilizaa watoto wanne na bado nikaficha kila kitu, kwa hiyo nilidhani methali imenikosa.

Nikaolewa na mtu wa Masisi, mchuuzi wa jibini, fromaji kwa lugha ya hapa. Alipanda milimani kwa wafugaji, akarudi na magurudumu ya jibini ndani ya mifuko, na nyumba yetu ikanuka ipasavyo. Mama alimtania tangu siku ya kwanza: "Mutoto wangu nilimulea mu harufu ya kitenge mupya, akaenda kuolewa na harufu ya miguu." Mume wangu alicheka kuliko wote. Alikuwa mtu wa hivyo, wa kucheka mpaka ajishike tumbo, na wa kulia harusini hata harusi yenyewe ikiwa ya mtu asiyemjua vizuri. Mimi nilimwonea aibu kidogo. Nilimpa kitambaa cha pua kabla sherehe haijaanza.

Kisha uasi ukarudi, sijui mara ya ngapi, na ukamkuta huko juu kwenye jibini. Barabara ikafungwa. Nilimpigia simu, na yule mama wa ndani ya simu, ambaye kila mwanamke wa hapa anamjua na hakuna anayempenda, akaniambia kwa Kifaransa kwamba mtu wangu hapatikani. Nikapiga kesho yake. Nikapiga kila siku. Yuleyule, na sauti yake haikuchoka.

Majirani nikawaambia amekwenda Butembo kufanya kazi ya mama. Butembo ni kwetu, sisi ni Wanande, na mwanaume akisemwa amekwenda ukweni hachimbwi sana kwa maswali. Kwa nini nilidanganya? Sababu moja ilikuwa hofu. Siku zile, mwanaume mwenye asili ya huko juu, anayezungumza Kinyarwanda, akikosekana bila maelezo, watu wangeweza kumpa maelezo wao wenyewe: amekwenda na wale waasi wenye lugha yake. Neno kama hilo likishakubandika, halitoki kwa sabuni. Sababu ya pili ilikuwa kiburi, ule mkono usioinuliwa. Na sikuweza kuzitenganisha sababu hizo mbili, kwa sababu hofu ilikuwa imenipa jina zuri la kukipa kiburi.

Nilikuwa naharibika, na nilijua. Nilimfokea binti yangu kwa ajili ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyomwagika mpaka akajificha nyuma ya tangi la maji. Nilifua mashati ya mume wangu yaliyokuwa safi, nikayaanika, nikayafua tena. Mama alikuwa amehamia kwetu, magoti yamemchoka, akiniona kutwa nzima kutoka kwenye kiti chake. Tulipika pamoja, kila mmoja akifuta macho na kusingizia moshi wa makaa. Siku moja mizinga ililia upande wa Kanyaruchinya mpaka mabati yakatetemeka.

"Ni mvua," nikamwambia.

"Ndiyo, ni mvua," akaitikia, jua likituwakia wote wawili.

Wiki hiyo zamu ya shirika, yaani sala ya majirani Wakatoliki, ilikuwa nyumbani kwetu. Tulisoma Injili, tukaimba, kisha baba anayetuongoza, fundi cherehani, akauliza kama kawaida, "Nani iko na neno ya kuombea?" Mmoja akaombea mtihani wa mtoto. Mwingine akaombea malaria. Halafu nikaona mkono wa mama unapanda. Nilidhani anarekebisha kitambaa cha kichwa. Lakini ukapita kichwa, ukabaki juu.

"Sema, mama mukubwa."

"Mimi niko vulnérable," mama akasema.

Chumba kizima kikacheka. Siku hizi kila mtu analijua neno hilo, ni neno la kambi na la hema, na mama alikuwa amevaa kitenge chake kizuri kabisa. Alingoja kicheko kiishe.

"Tangu moto ilishuka, niko na woga," akasema. "Siku ile nilikataa maharagi, batoto yangu bashinde njaa, sababu nilijua nikiinua mukono nitalia, na nikianza kulia sitaacha. Sasa nimezeeka na woga iko palepale. Ikipiga bombe ninasema ni mvua. Haiko mvua. Muniombee. Ile ya mwingine, ataisema mwenyewe."

Hakunitazama. Alikuwa bado ameuinua mkono, ule uliowahi kupima kitambaa cha nusu ya mji. Nilihisi hasira kwanza, nisiseme uongo. Nilitaka kumwambia: sasa? Baada ya kunifundisha maisha yangu yote? Halafu hasira ikayeyuka katikati, na chini yake nikamkuta yule mtoto wa darasani, bado anangoja ruhusa.

Nikainua mkono. "Bwana yangu haiko Butembo," nikasema, na mengine yakatoka na machozi na makamasi, bila mpango wowote. Nikasema nampenda. Sijui kwa nini nililisema hilo mbele ya fundi cherehani.

Kisha jirani yangu wa ukuta wa pili akajisogeza, akanishika goti. "Tulijua, mama. Nani anaendaka Butembo na mifuko ya fromaji? Tulikuwa tunakungoja tu."

Sitasema wote walikuja na mikono wazi. Mwanamke mmoja aliondoka kabla ya sala ya mwisho, na tangu siku ile hunisalimia kwa kidevu. Mtu akijifunua, na upepo nao unamwona. Lakini shemeji wa jirani yangu alikuwa dereva wa pikipiki aliyejua njia za huko, na yeye ndiye aliyeulizia kijiji kwa kijiji. Kama ningeendelea na Butembo yangu, angemuulizia nani? Habari ikashuka: yu hai, amehifadhiwa na wafugaji, njia ikilegea atatoka.

Njia ililegea. Alifika asubuhi moja, amekonda, amevaa viatu vya mtu mwingine, hana hata kipande cha jibini. Watoto wakamrukia. Nikamkumbatia mpaka mama akakohoa. Nilipompa kiti nikamuuliza, "Habari ya huko?"

"Muzuri," akajibu.

Yeye, mliaji wa harusi za watu! Uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya mgomo. Akaomba maji. Akatazama juu, akauliza kama bati linavuja. Nikaona jinsi tutakavyoishi: yeye atasema muzuri, mimi nitasema muzuri, na watoto watajifunza.

Mama alikuwa kwenye kiti chake, anachambua maharagi.

"Inua mukono," akamwambia.

Mume wangu hakuelewa. Akanigeukia. Mama akaweka sahani ya maharagi chini, akajiinua kwa yale magoti yake, akaja polepole. Akamshika ncha za vidole kama alivyokuwa akishika pindo la kitenge, akavuta ule mkono taratibu mpaka begani, akaupitisha kichwani. Mume wangu akabaki hivyo, mkono juu, kama mwanafunzi mwenye jibu. Mdomo wake ukaanza kucheza.

Alilia mpaka maharagi yakachelewa. Mama hakuuachia ule mkono, na mimi nikafuta macho, wala sikusingizia moshi.